Mtumwa Aliyepewa Majina ya Kaku Kazadi

Pasi ya makaa haipendi mtu mwenye mawazo mawili. Madeleine Ngalula alilijua hilo tangu ujana, maana pasi ndiyo iliyomlisha pale Kikula, mtaa wa Likasi: mashati ya makarani, sare za wanafunzi, kanzu za kwaya. Hata hivyo Jumatatu ile aliisahau juu ya shati la mwalimu mmoja wa Shituru mpaka harufu ikamgutusha. Akainua. Alama ilikuwa pale kifuani, ya kahawia, yenye ncha.

"Eh, Mungu wangu," akasema. Akaliweka shati kando, akachukua lingine, akaliweka nalo bila kuligusa. Akatoka nje. Akarudi ndani. Akatoka tena.

Majirani hawakumuuliza kinachomtembeza. Walikijua. Yalikuwa ni mambo ya redio.

Kuna redio ndogo ya parokia, chumba kimoja chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Jumamosi alasiri, umeme ukikubali, Madeleine huketi mbele ya mikrofoni na kitabu cha Kifaransa magotini. Hasomi kwa sauti. Anaangalia ukurasa, anaumeza, halafu anautoa kwa Kiswahili cha Likasi, pamoja na cheko lake na "munasikia, batoto?" yake. Kusoma alifundishwa na masista. Kusimulia alizaliwa nako. Mama yake alikuwa mwimbaji wa kasala, zile sifa ambazo Waluba wa Kasai huwaimbia wafu wao, jina juu ya jina, mpaka mtu aliyelala ndani ya jeneza anaonekana mrefu kuliko nyumba. Madeleine mwenyewe hakuwahi kuimba kwenye kilio hata kimoja. Macho ya watu yalimkausha koo. Lakini mbele ya mikrofoni hakuna macho, na aibu yake haikuijua njia ya kufika pale.

Saluni ya Laure huzima muziki saa hiyo. Bawewa, vijana wa pikipiki za abiria, huegesha pembeni na kutumbukiza simu ndani ya kofia zao ngumu ili sauti ivume.

Msimu ule Mupe Adolphe, padri anayesimamia redio, alikuwa amempa kitabu kisicho na jalada. Ni hadithi ya Kiingereza iliyogeuzwa Kifaransa, ya zamani sana, ya wakati ule Waingereza walipokuwa wanaanza tu kuandika hadithi ndefu na tayari walikuwa na meli za kununua watu. Bwana mmoja, Harcombe, mtoto wa tatu wa nyumba ya kitajiri, hana urithi. Anapanda meli, anateremka pwani ya Guinea, ananunua mtu, anavuka bahari mpaka visiwa vya miwa, anatajirika, anarudi kwao kuoa. Yule mtu aliyenunuliwa wanamwita Bristol, jina la mji ilikotoka meli.

Kosa lilitokea siku mtu huyo alipoingia katika hadithi.

Kwa mama yake Madeleine, mtu haingii ndani ya maneno kama mbuzi anavyoingia uwanjani. Anaingizwa. Unasema ni nani, mtoto wa nani, wa mto gani, ndipo anapewa nafasi ya kufanya jambo. Kwa Bwana Harcombe haikuwa shida: kitabu kilitumia kurasa nyingi kwa baba yake, babu yake, mashamba yao, hata mbwa wao. Madeleine alivimimina vyote. Halafu wakafika Guinea. Akatupa jicho kwenye ukurasa: mtu mweusi, mwenye nguvu, meno mazuri. Basi. Akageuza, hakuna kitu. Taa nyekundu inawaka, mji unasubiri, na ulimi wake ulikuwa umekwisha kufungua mlango kwa kusema, "Na huyu njo muntu..."

Muntu gani? Ulimi ukachukua kilichokuwa karibu.

"Njo Kazadi," ukasema. "Kazadi wa Ngoyi, wa ng'ambo ya Lubilanji. Kazadi, mvua yenye haiombaka wingu ruhusa. Kazadi, jembe yenye ilivunjika mupini na ikaendelea kulima."

Hayo yalikuwa majina ya kaku yake, baba wa baba yake. Neno kwa neno, kama mama alivyoyaimba siku ile walipomzika.

Likasi ikampenda mtumwa yule. Jina la Bristol watu walilisahau. Madeleine akipita na kikapu chake cha nguo, Pitshou wa pikipiki alimpigia honi: "Tantine Madeleine! Kazadi wetu iko bwino? Ule muzungu asimuguse, eh! Shiye tuko hapa!" Naye alicheka, akapunga mkono. Moyoni alijua amefanya jambo ambalo mama yake angemfinyia sikio, kwa sababu kasala haiimbwi kwa mchezo. Ukimwita mfu kwa majina yake yote, anainuka na kwenda ulikomwitia. Lakini alijituliza: mwenye kulalamika yuko mbali. Kaka yake Philippe, mkubwa wa familia, alikuwa na kazi Kambove, anatengeneza mashine za mgodi, na redio ya parokia haifiki Kambove.

Kazi ya mashine ikaisha. Philippe akarudi nyumbani kwake, mtaa wa Panda, na Jumamosi iliyofuata akaketi kwa kinyozi. Redio ilikuwa imefunguliwa. Kinyozi anasema mteja alinyanyuka na kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande mwingine bado, akatoka bila kuaga. Alifika Kikula hivyo hivyo. Watoto wakacheka. Yeye hakuwaona.

"Kesho kisha misa," alimwambia Madeleine mlangoni. "Kwangu."

Jumapili wakaketi sebuleni: Philippe, sasa kichwa chote kikiwa kimenyolewa, mke wake Mamie, na Madeleine kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Ngalula," Philippe akaanza, akitumia jina la kwao, "unajua kile ulifanya?"

"Yaya," akasema Madeleine, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao, "minye nilikuwa naeleza tu hadisi."

"Hadisi! Uliuzisha kaku! Uliuzisha kaku ku muzungu, mu redio, muji muzima unasikia!"

"Haiko minye nilimuuzisha. Ni kitabu."

"Kitabu kilijua jina ya Kazadi?"

Mamie akatikisa kichwa. "Ku soko, bamama wa mboga wananichekelea. 'Mama Mamie, kaku yenu walimunuaka na munyororo yake, ao bila munyororo?' Nilipiga magoti nichague nyanya, nikasimama bila nyanya."

"Unaona?" Philippe akasema. "Kaku alifika hapa na miguu yake. Alijiandikisha ku mugodi yeye mwenyewe, sababu alikuwa mwanaume. Ile njo tunaambia batoto."

"Mama alisema walimufunga kamba ku kiuno, yaya. Yeye na wenzake, mpaka ku reli ya kuwaleta ku mugodi. Weye pia ulisikia."

Mamie akaangalia kitambaa cha meza. Philippe hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Madeleine.

"Minye nilisikia," akasema. "Na nilifunga kinywa. Miaka yote nilifunga kinywa. Jumamosi, mbele ya kueleza kitu chochote, utarudisha majina. Utasema: majina ya Kazadi yanarudi mu nyumba yake, mutusamehe. Ule muntu wa kitabu, umuite Bristol, umuite Beatrice, sina maneno. Lakini kama unabakia na kaku mule, mulango huu usiukanyage tena. Hata ukisikia nimekufwa."

"Nitarudisha, yaya."

Alisema hivyo na alimaanisha. Philippe ndiye aliyebaki. Wazazi hawapo, mume hakudumu, mtoto Mungu hakumpa. Mlango ule wa Panda ulikuwa ndio mlango pekee duniani ambao angeweza kuusukuma bila kubisha. Kurudisha majina ni sentensi mbili. Nani atakufa kwa sentensi mbili?

Ndiyo maana hakuelewa, Jumatatu, kwa nini hatulii. Mitumbani alinunua shati jingine badala ya lile la mwalimu, akalinyoosha, akaona halifanani. Jumanne alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Jumatano akachukua kitabu ili aone jinsi mtu yule atakavyoendelea bila majina, atamwita nani, atamshika wapi. Akasoma mbele, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alipenda kushangaa pamoja na wasikilizaji wake.

Akafika kwenye mto. Mvua kubwa kisiwani, maji yameinuka. Farasi wa Bwana Harcombe ameponyoka na kuchukuliwa na maji. Bwana anamwamuru Bristol aingie amtoe. Bristol anaingia. Farasi na mtu, wote wawili, maji yanawameza.

Halafu kitabu kikalia. Kililia ukurasa mzima na nusu ya wa pili. Farasi yule aliitwa Brigand. Baba yake Brigand alikuwa Soliman, aliyewashinda farasi wa mtawala fulani. Bibi yake aliletwa kutoka Uarabuni. Mabega yake yalikuwa hivi, shingo hivi, na jinsi alivyokuwa akimfahamu bwana wake kwa mlio wa kiatu. Madeleine alisoma akitafuta. Mwishoni kabisa akakuta: wiki ile Bwana alipoteza farasi wake, na mtumwa wake pia.

Alifunga kitabu, akasimama. Akatembea kutoka ukutani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Kisha akajikuta barabarani bila kikapu.

Mupe Adolphe alikuwa ofisini, anapigana na kipaza sauti kilichokatika waya.

"Mupe," Madeleine akasema bila salamu, "sababu ya nini farasi anaimbiwa kasala?"

"Nini, mama?"

Akamweleza. Padri akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu mpole, asiyependa mtu aondoke kwake na uzito. "Mama Madeleine, ni kitabu cha zamani. Bale bantu walifikiri vile, hawakuona hata kama ni mubaya. Ruka tu ule ukurasa. Sema Bristol alibakia ku kisiwa, tuendelee na ndoa. Bantu wanapenda ndoa."

"Nikiruka, atakuwa amekufwa wapi?"

"Hatakuwa amekufwa."

"Atakuwa amepotea, mupe. Kupotea njo mubaya zaidi."

Padri akavaa tena miwani, lakini Madeleine hakungoja. Alirudi kwa njia ndefu. Alikuwa na hofu mbili sasa, zinavutana kama watu wawili wenye kamba moja. Akirudisha majina, mtu yule ataingia majini bila baba. Akiyaacha, atakayezama Jumamosi, mbele ya saluni na soko na bawewa wote, kwa ajili ya farasi, ni kaku Kazadi. Na Philippe atafunga mlango, na Philippe akifunga mlango hafungui. Alhamisi alikula matonge mawili ya bukari, akasukuma sahani. Ijumaa alienda mpaka Panda, akafika kwenye kona, akaona geti la kaka yake, akageuka.

Jumamosi umeme ulikuwepo. Aliomba usiwepo, ukawepo.

Mupe Adolphe akampa ishara kwa kidole. Taa nyekundu ikawaka. Madeleine aliviweka viganja vyake juu ya kitabu, akafungua kinywa atoe zile sentensi mbili. Alikuwa amezikariri njiani.

"Batu ya Likasi," akasema, "familia yangu ilinilomba leo nirudishe majina ya Kazadi mu nyumba yake. Iko na haki. Majina hayakuwa yangu ya kutembeza. Ninaomba kaka yangu masamaha mbele yenu yote."

Hapo msamaha ulikuwa umekwisha kutoka. Ilibaki sentensi moja ndogo: kuanzia leo mtu wa kitabu anaitwa Bristol.

Haikutoka. Ilifika kwenye meno ikakaa. Aliona ghafla anachotaka kufanya: kumshika mtu ambaye tayari ameitwa mtoto wa Ngoyi, kumvua Ngoyi, kumvua Lubilanji, kumwacha na jina la mji wa meli, kisha kumsukuma majini. Kazi hiyo mtu mwingine aliifanya pwani. Sasa yeye aifanye mara ya pili, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili?

Mupe Adolphe alizungusha kidole: endelea, mama, kimya ni kirefu.

"Lakini sitaweza," akasema. "Yaya Philippe, unasikia, sitaweza. Mu kitabu hii, farasi iko na baba. Iko na kaku. Muntu, hapana. Nikimuvua majina, minye na ule muzungu tutakuwa tumesaidiana kazi. Munikasirikie. Sasa munyamaze, batoto, mvua inanyesha."

Akausimulia mto. Hakuongeza kitu, hakupunguza. Alimwambia kila mtu kwamba maji yalikuwa mekundu kwa udongo, kwamba Bwana alisimama ukingoni na mwavuli, kwamba Kazadi wa Ngoyi alivua shati akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Shati halikuwemo kitabuni. Lilikuwa la kwake, mwenye pasi, na hakuweza kulizuia. Aliusimulia pia ukurasa wa farasi, wote, na bibi yake wa Uarabuni. Kisha akasema ule mstari wa mwisho kama ulivyoandikwa: wiki ile Bwana alipoteza farasi wake, na mtumwa wake pia. Akafunga kitabu. Dakika zilikuwa bado nyingi, lakini alisimama, akatoka, na Mupe Adolphe, asiye na la kufanya, akaweka wimbo wa kanisa.

Nje jua lilikuwa bado juu. Madeleine akafungua kitambaa cha kichwa, akajifunga kiunoni kama wafanyavyo wenye msiba, nywele wazi. Hakujua anafanya hivyo mpaka alipoona watu wanampisha. Miguu ilikuwa imekwisha kushika njia ya Panda.

Geti la Philippe lilikuwa limefungwa. Hakubisha. Aliketi chini nje, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, jinsi wanawake wanavyoketi kwenye kilio.

Mamie akachungulia. "Madeleine! Unafanya nini pale mu vumbi?"

"Niko pa kilio."

"Nani alikufwa?"

"Ulikuwa unasikiliza redio, Mamie. Unajua."

Mamie akarudi ndani mbio. Sauti mbili zikasikika, moja ya juu, moja ya chini, kisha hakuna. Madeleine akangoja. Kumfukuza mtu kwenye ardhi ya kilio ni jambo ambalo hata mlevi hafanyi. Lakini Philippe alikuwa na hasira kuliko mlevi, na pale hapakuwa na maiti, hapakuwa na picha, hapakuwa na cha kumwonyesha mpita njia. Alijiona mjinga. Alitaka kuinuka. Akakaza kitambaa kiunoni, akabaki.

Wa kwanza kufika alikuwa Laure wa saluni, na nyuma yake mteja mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja tu. Wakaketi bila kusema. Kisha wanawake wawili wa mboga. Laure akawaangalia sana. "Ninyi njo mulikuwa munachekelea Mama Mamie na munyororo," akanong'ona, na mmoja akajibu, "Nyamaza, tuko pa kilio," akajisogeza asonge mbele zaidi. Pitshou alizima pikipiki yake mbali, akaja akiisukuma kwa mikono, kama watu wanavyopita mbele ya nyumba yenye msiba.

Wote wakamtazama Madeleine. Kilio bila sauti si kilio. Mtu alipaswa kumwita mfu, na hapakuwa na mwingine. Macho yote yale. Akafumba macho yake yeye, ikasaidia kidogo.

"Kazadi," akaanza. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kuomba radhi. "Kazadi wa Ngoyi. Wa ng'ambo ya Lubilanji. Walikutuma mu maji sababu ya farasi, nyama ya kupanda. Maji haikujua ni nani inabeba..."

Geti likalia. Alimsikia Philippe kabla ya kumwona, kile kikohozi chake cha vumbi la Kambove. Akaendelea kuimba kwa sababu kuacha kungekuwa kubaya zaidi.

"Kazadi wa Ngoyi, mvua yenye haiombaka—"

"Hapana," Philippe akasema.

Madeleine akaukata wimbo. Pitshou akashika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili.

"Kazadi wa Ngoyi, Kazadi wa Ngoyi," Philippe akasema kwa ukali. Hakuwa anamwangalia dada yake. Alikuwa anaiangalia barabara, kama mtu anayesubiri gari. "Kaku alizalwa na mwanaume peke yake? Alianguka mu muti?"

Mwanamke mmoja wa mboga akacheka, akajiziba mdomo.

"Mama yake alikuwa Mbombo," Philippe akasema. "Ukilia muntu alikufwa mu maji, unaanza na mama. Mama njo anaenda ku ukingo kumutafuta. Baba anabakia ku nyumba, anauliza kama walimupata. Mama yetu hakukufundisha?"

"Hakunifundisha ile, yaya."

"Basi."

Aliingia ndani. Madeleine alisikia hatua zake zikizima, akadhani imekwisha. Zikarudi. Alikuwa na kiti kidogo cha jikoni. Hakukileta alipokaa dada yake, wala hakukiacha ndani. Alikiweka kwenye mstari wa geti wenyewe, miguu miwili ya kiti uwanjani, miwili barabarani, akaketi juu yake mikono kwenye magoti, uso umekunjwa. Hakusema ingia. Hakusema ondoka. Mamie alisimama nyuma yake na mkeka uliokunjwa, asijue autandike upande gani.

Madeleine alimtazama kaka yake akitafuta jibu usoni pake na hakuliona. Jasho lilikuwa linamtoka Philippe kwenye kile kichwa kilichonyolewa, na alikuwa akitikisa mguu mmoja, haraka haraka, hautulii.

"Anza mupya," akasema, bado akiiangalia barabara. "Na usikimbize. Bantu wanakuya."

Akaanza na Mbombo.